Bibliobattle: Mashindano ya Kupendekeza Vitabu

Bibliobattle ni mchezo wa wasomaji kutoka Japani, ambamo kila mshiriki hupewa dakika 5 kuwaeleza wenzake kitabu alichokisoma na kukipenda. Uliasisiwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Kyoto na Tadahiro Taniguchi, mtafiti wa roboti na akili bandia, ambaye alikuwa akitafuta njia nzuri ya kuchagua vitabu vya kikundi cha kujisomea. Mtu mmoja akiwachagulia wote, wengine hubaki kufuata mapenzi yake.

Washiriki huja na vitabu walivyochagua wenyewe na kuzungumza kwa zamu. Kila mmoja akimaliza, hufuata dakika 2 au 3 za maswali. Mwishowe wote waliopo, wazungumzaji kwa wasikilizaji, hupiga kura kwa swali moja tu: ni kitabu kipi unachotamani zaidi kukisoma? Kinachopata kura nyingi ndicho bingwa.

Uzuri wote wa mchezo umo katika swali hilo. Kura haimwendei msemaji hodari, bali kitabu. Kijana mwenye haya, anayesitasita na kurudia maneno, anaweza kumshinda mzungumzaji mahiri iwapo wasikilizaji wameona jinsi kitabu kilivyomgusa. Ndiyo maana slaidi na karatasi za kugawa haziruhusiwi, na mshiriki huhimizwa kuzungumza papo kwa papo badala ya kusoma alichoandika. Dakika zake 5 hana budi kuzitumia zote. Aliyeishiwa na maneno aliyoyaandaa hulazimika kuchimba zaidi, na mara nyingi hapo ndipo sababu ya kweli ya kukipenda kitabu hujitokeza. Kipindi cha maswali nacho si cha kumkosoa. Ni cha kumsaidia mpiga kura kuamua.

Mwaka 2010 wanafunzi wa vyuo vikuu walikutana Tokyo kwa mashindano makubwa, na mwaka 2012 Bibliobattle ilipata tuzo kuu ya Maktaba ya Mwaka nchini Japani, ingawa yenyewe si maktaba. Siku hizi huchezwa shuleni, katika maktaba za umma na kwenye maduka ya vitabu.

Shuleni ndiko kanuni ya kwanza, ya kila mshiriki kujichagulia kitabu, inakohitaji kulindwa zaidi: mwalimu akishampangia mwanafunzi kitabu cha kusifia, mchezo umegeuka kazi ya darasani.