Sauti Nyumbani Wang'uru: Kutoka Kaseti hadi Kigeuzi

Wang'uru, mji wa Kenya uliokua pamoja na mradi wa umwagiliaji wa Mwea, ambao mifereji yake ilichimbwa na mahabusu wa Hali ya Hatari ya kikoloni katika miaka ya 1950, uliujua muziki wa nyumbani kwa redio ya betri, kisha kwa kaseti za waimbaji kama Joseph Kamaru. Santuri ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ilihifadhi sauti kama tarakimu, sampuli 44,100 kwa sekunde, hivyo ikahitaji kigeuzi, yaani chombo kinachozirudisha tarakimu kuwa umeme wa kutikisa spika. Muziki wa tarakimu ulipohamia kwenye kompyuta, ujio wa USB mwaka 1996 ulifungua njia ya kukitoa kigeuzi nje ya kompyuta, jambo jema kwa msikilizaji asiye na fedha nyingi. Mlio mwembamba unaozuka chaja ya kompyuta inapochomekwa aghalabu hutokana na umeme wa kompyuta, si kigeuzi. Kuichomoa chaja hiyo ndiyo tiba ya kwanza, na fedha ambayo ingenunua kigeuzi kipya inunue spika bora.