Kifaranga wa Bata na Mpaka wa Sio

Katikati ya Januari 2017 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba ndege walikuwa wakifa Lutembe, ghuba iliyo kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe. Hao walikuwa ndege wa porini, wale wanaokuja kila mwaka kutoka kaskazini kukimbia baridi. Pamoja nao wakatajwa bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Maabara ikasema ni mafua ya ndege, aina ya H5N8. Hazikupita siku nyingi Kenya ikapiga marufuku kuku na mazao yote ya kuku kutoka Uganda.

Sio Port tulizisikia habari hizo kwa redio. Wiki hiyo hiyo kukhu, nyanya yangu, alikuwa na kifaranga wa bata ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hadi yakafunga.

Kwa mtu wa Nairobi, marufuku ya kuku wa Uganda ni habari ya bei ya mayai. Kwetu ni habari ya jikoni. Mto Sio ndio mpaka, na ng'ambo ni Samia vile vile: lugha ile ile, koo zile zile, mazishi tunayohudhuria pamoja. Mtumbwi wa kutoka Majanji ukitia nanga kwetu hakuna anayeuita mgeni. Hadi mwaka 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, Mkoa wa Mashariki. Waingereza walipouhamishia mkoa ule katika himaya yao ya Afrika Mashariki, watu hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama, ukaja kulala mtoni. Ndege ndio kabisa hawakuambiwa.

Kwa hiyo jirani yetu alipochungulia kwenye karai na kumwona yule kifaranga, hakuuliza maswali.

"Mama, huyo mtoto wa bata ni ile ya Uganda. Choma yeye leo leo, na hao wengine uwaangalie."

Kukhu alimjibu kwa heshima, maana ni mzee wa kanisa: "Asante baba, nimesikia." Halafu akaniambia nilete maji ya vuguvugu na chumvi.

Nataka kusema jambo kuhusu bata kwanza, kwa sababu nimesoma vitabu kadhaa vya historia ya magharibi mwa Kenya na sikumbuki kumwona humo. Ng'ombe yumo kila ukurasa. Sotoka ya miaka ya 1890 imeandikwa, na inastahili. Kuku naye, ingokho, ana heshima yake: mgeni wa maana hali ugali mtupu kwa Mluhya. Lakini bata ni mtu wa kuja, na hata jina lake linamsema. Kiswahili bata, Kiganda embaata, Kiarabu batta: jina limesafiri pamoja na mfugo, limerukia lugha hadi lugha. Mjaluo peke yake alikaa akamtafutia la kwake, atudo.

Tena huyu bata wetu wa kijijini, mwenye uso mwekundu wenye vinundu, asiyepiga kelele ila kufyonza hewa kama nyoka, si ndugu wa bata wengine wa kufugwa. Bata karibu wote duniani wametokana na batamwitu mmoja wa nchi za kaskazini. Huyu wetu asili yake ni Amerika ya kati na kusini. Wenyeji wa kule walikuwa wakimfuga hata kabla Columbus hajafika, kisha Wahispania na Wareno wakambeba kwenye merikebu. Wazungu humwita bata wa Muscovy, yaani Urusi, na Urusi hana ukoo nako. Mayai yake huchukua siku 35 kuanguliwa, ilhali ya bata wengine huchukua 28 na ya kuku 21. Mama yeyote wa Samia aliyewahi kumlalisha kuku juu ya mayai ya bata anaijua hesabu hiyo, kwa sababu kuku huchoka. Siku ya ishirini na mbili anaanza kukuangalia kama mtu aliyedanganywa.

Sasa jicho. Jicho la ndege likivimba linaweza kuwa linasema mambo mengi, na kila jambo lina historia yake.

La kwanza ndilo lile la redioni. Mafua ya ndege yanaweza kweli kuvimbisha kichwa na macho, kwa hiyo jirani hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu pia ya kuogopa. Mwaka 1997 huko Hong Kong aina ya H5N1 iliwapata watu 18 na kuua 6, na kuku zaidi ya milioni moja wakachinjwa kwa siku chache. Mwaka 2006 ilifika Nigeria, Misri, Sudan na Djibouti. Kenya haikuwa na kisa hata kimoja, lakini hofu ilitosha kuangusha soko la kuku hapa. Ubaya wa bata ni kwamba anaweza kubeba virusi hivi bila kuonyesha dalili yoyote. Ukimwona mzima, hujui. Ukimwona mgonjwa, pia hujui.

La pili ni kideri, ambao vitabu huuita ugonjwa wa Newcastle kwa sababu ya mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Mwaka huo huo ulikuwa umeonekana Java. Kenya uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, pwani, karibu na Mombasa. Tangu hapo umemaliza kuku wa vijijini mara zisizo na hesabu. Bata huugua kideri kwa nadra. Shangazi husema ndiyo maana bibi wa zamani waliweka bata wachache kati ya kuku: msimu ukimaliza kuku wote, angalau boma halibaki kimya.

Maabara ya mifugo ilikuwako nchini muda mrefu kabla ya hapo. Ile ya Kabete ilianza mwaka 1910, na ilifanya kazi kubwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kutoka Kenya na Montgomery mwaka 1921, na homa ya Bonde la Ufa ikaelezwa mwaka 1931. Lakini angalia wagonjwa wenyewe: nguruwe wa masetla, kondoo wa masetla, ng'ombe. Kuku na bata walikuwa mali ya akina mama, na mali ya akina mama haikupandishiwa daktari garini. Sisemi hivi kwa uchungu. Nasema kwa sababu ndiyo sababu kukhu, mwenye miaka themanini na kitu, alijifunza kumsoma bata kwa macho na vidole vyake mwenyewe.

Na alimsoma hivi. Alimgeuza tumbo juu, akamnusa. Akambonyeza taratibu chini ya jicho, pale penye uvimbe. Akasema ni laini, na mapovu meupe yanatoka. Akatazama kinyesi kwenye majani. Akahesabu wengine: kumi wote wazima, wanakula, na kuku wazima. Akauliza huyu analala wapi. Analala pembeni, nikamwambia, penye unyevu, kwa sababu wengine wanamsukuma. Basi akanyamaza.

Nilipiga simu kwa daktari wa mifugo. Nilishangaa, kwa sababu maswali yake yalikuwa yale yale, ila kwa mpangilio mwingine. Wamekufa wangapi? Hakuna. Kuna aliyekufa ghafla usiku? Hakuna. Kuku wanakohoa? Hapana. Shingo imepinda? Hapana. Mmeona ndege wa ziwani wamekufa ufuoni? Hapana. Akasema mafua ya ndege hayaji kwa kifaranga mmoja na kuwaacha kumi wakila. Lakini mtenge, nawa mikono, watoto wasimshike, na akifa mmoja zaidi nipigie hata usiku. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia:

"Maji ya kunywa mnawawekea kwenye nini?"

Kwenye sahani bapa, ili wasizame. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na jambo. Bata husafisha macho na pua kwa kutumbukiza kichwa chote majini. Ukimpa maji ya kulowesha mdomo tu, uchafu unakaa, jicho linawasha, analisugua, linavimba. Ongeza harufu kali ya mkojo kwenye matandiko yaliyolowa, unapata macho kama yale. Vijidudu navyo huingia mlango ukiwa wazi, na hapo ndipo dawa inapohitajika.

Tena akauliza wanakula nini. Unga wa mahindi meupe na pumba. Akasema, waongezee mboga.

Hapo historia inarudi nyuma kidogo. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis huko Wisconsin, Marekani, waligundua kwamba panya wakilishwa mafuta ya aina fulani hawakui, na wakipewa siagi au kiini cha yai wanakua. Kitu hicho ndicho baadaye kikaitwa vitamini A. Panya waliokikosa macho yao yalivimba na kupofuka. Miaka ya 1920 watafiti wa California waliona jambo lile lile kwa kuku: macho yaliyovimba, yamejaa uchafu mweupe, na tiba yake haikuwa dawa bali majani mabichi. Mahindi ya njano yana kitu hicho kidogo. Mahindi meupe, ambayo ndiyo ugali wetu na ndiyo chakula cha vifaranga wetu, hayana.

Sasa kwenye shamba la kukhu, nyuma ya choo, kulikuwa na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Vilikuja Busia na Bungoma kwa mradi ulioitwa Mama SASHA, ulioanza mwaka 2009, ambapo akina mama wajawazito waliokwenda kliniki walipewa hati ya kuchukulia mbegu. Shabaha ilikuwa macho na uhai wa watoto wa binadamu. Oktoba 2016, miezi mitatu kabla ya hofu ya ndege, Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye na wawili kati yao kwa kazi ya viazi hivyo. Jirani zetu, kwa hiyo, walituletea vyote viwili: virusi vya redioni na kiazi cha shambani. Marufuku ilikihusu kimoja tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na ya kuchosha. Asubuhi na jioni, kitambaa safi na maji ya chumvi, kulainisha ukoko hadi jicho lifunguke lenyewe bila kuvutwa. Halafu dawa ya macho ya tetrasaiklini kutoka agroveti ya Funyula, kidogo kama punje ya mtama. Sufuria kuukuu yenye kina cha kuzamisha kichwa, na jiwe katikati asizame. Nyasi kavu kila siku. Kiazi kilichopondwa, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, omena waliosagwa, kwa sababu omena huliwa mzima na ini lake. Kukhu aliongeza machicha ya busaa, ambayo hakuna aliyemshauri. Baadaye nilisoma kwamba vifaranga wa bata wanahitaji niasini kuliko wa kuku, na kwamba hamira ina niasini. Yeye alisema tu kwamba yanatia nguvu miguuni.

Siku ya nne jicho la kushoto likafunguka. La kulia lilichukua wiki mbili, na lilipofunguka lilikuwa na ukungu ambao haukutoka.

Shangazi ndiye aliyepata hasara ya kweli mwaka ule. Alikuwa akiuza mayai ya Uganda mjini Busia, trei kwa trei, na marufuku ilimkuta na deni la mzigo. Wengine waliendelea kwa njia za panya. Yeye aliogopa, akarudi Sio Port kuuza omena. Katika kipindi chote hicho mafua hayakuonekana upande wetu wa mto, ingawa baadaye mwaka huo yalionekana Ituri, Kongo, karibu na Ziwa Albert. Nikimuuliza kama marufuku ilikuwa haki, hunijibu kwa swali: "Ungekuwa wewe serikali ungefanya nini?" Kisha anataja deni, na kiasi chake hadi shilingi ya mwisho.

Yule bata alikua jike, mweupe mwenye mabaka, na aligeuza kichwa upande mmoja kila alipotaka kukuona. Agosti, watu wakiwa kwenye foleni ya kupiga kura, alikuwa amelalia mayai kumi na mawili nyuma ya ghala. Kukhu alihesabu siku kwa kufunga mafundo kwenye kamba, na akatukataza kupita huko hadi mafundo yafike 35.