Dakika nne za Sydney

Leo naacha programu kando nizungumzie moto, ingawa mwishowe nitarudi palepale.

Tarehe 15 Septemba 2000, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney, Cathy Freeman aliingia kwenye kidimbwi cha maji akawasha duara la moto lililomzunguka. Msanifu wake, Michael Scott-Mitchell, alitaka moto utoke majini: bakuli la chuma linyanyuke, limpite Cathy kama pete, kisha lipande kando ya maporomoko ya maji hadi juu ya uwanja.

Bakuli likanyanyuka, halafu likakwama hewani. Kwa takriban dakika nne Cathy alisimama mbele ya dunia nzima, mwenge mkononi, akisubiri.

Kumbe swichi moja ilitoa taarifa ya uongo. Kompyuta ikaiamini, ikasimamisha kazi yote. Mafundi walipogundua, waliipuuza ile programu wakaamuru bakuli lipande. Likapanda.

Wengi huilaumu kompyuta. Mimi siilaumu. Moto ukiwa juu ya watu, ukiwa na shaka, simama! Kilichookoa usiku ule ni kwamba binadamu aliachiwa njia ya kushika usukani. Tangu nisome kisa hiki, sikabidhi programu yoyote bila njia hiyo.

Siku kumi baadaye Cathy alishinda dhahabu ya mita 400. Nalo bakuli likageuzwa chemchemi ya maji.

Je, programu yako ikidanganywa na swichi moja, nani atashika usukani?