Kemia ya Ubongo katika Kisukari

Kemia ya ubongo katika kisukari ni utendaji wa homoni na kemikali za neva zinazoendesha njaa, shibe na mishipa ya fahamu kwa mtu ambaye insulini yake imepungua au haifanyi kazi ipasavyo. Kitovu chake ni haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo.

Insulini hutoka kwenye kongosho. Leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, hutoka kwenye mafuta ya mwili. Zote mbili huijulisha haipothalamasi kuwa akiba ya nishati inatosha, na neva zinazotoa nyuropeptidi Y, kichocheo kikubwa cha njaa, hutulia. Katika kisukari cha aina ya kwanza kisichotibiwa, ujumbe huo hukatika: mgonjwa hula sana na bado hukonda. Huo si ulafi. Katika aina ya pili ujumbe hufika, lakini ubongo huwa sugu kwake.

Sukari ya damu ikishuka mno, ubongo huamuru adrenalini imwagwe. Mkulima wa Kagondo, iwe kata ya Bukoba au ya Muleba, aliyejidunga insulini alfajiri akaingia kwenye migomba bila kula, hutetemeka, hutokwa jasho na moyo humwenda mbio. Kahawa ya kutafuna haimsaidii. Apewe maji yenye sukari au soda ya kawaida mara moja, kisha mlo wa ndizi. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.