Turbo Ilipoingia Safari Rally

Safari Rally haikuwahi kuvuka bahari kuja Pemba. Tangu mwaka 1953 magari yake yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakapanda milima na kuzama matopeni, ila mkondo wa Pemba yaliuachia majahazi. Ubishi wake ndio uliovuka. Mtu wa Makangale mwenye Toyota Mark II iliyoshushwa bandarini Mkoani, anayeipitisha njia ya Konde katikati ya msitu wa Ngezi, akiuliza ni injini ipi inakubali kuongezwa nguvu zaidi, yenye turbo au isiyo nayo, anauliza jambo lililowaumiza vichwa mafundi wa Toyota, Nissan na Audi miaka arobaini iliyopita. Jibu la karatasini ni jepesi. La barabarani lilichelewa, na lilikuja kwa namna ambayo wauza vipuri hawapendi kuisimulia.

Tuanze na hewa, maana ndiyo kiini cha ugomvi wote. Petroli unaweza kuimimina upendavyo, lakini haitaungua zaidi ya inavyoruhusu hewa iliyomo ndani ya silinda. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, pistoni ikishuka, na haipati zaidi ya ile anga inayompa kila mtu. Ukitaka nguvu zaidi lazima uifanye ipumue vizuri na haraka: uchonge njia za hewa kwenye silinda hedi, ubadili kemshafti, uongeze mgandamizo, ufunge kabureta kubwa na ekzosi iliyo wazi, kisha uizungushe kwa kasi ambayo haikuzoea. Kila hatua inadai fedha, na kila hatua inarudisha farasi wachache tu.

Hivyo ndivyo Datsun 240Z ilivyotengenezwa kwa Safari. Dukani, injini yake ya silinda sita na lita 2.4 ilitoa nguvu za farasi karibu 150. Ya kiwandani kwa ajili ya mashindano ilivuka 200. Ongezeko hilo laonekana dogo kwa kijana wa leo, lakini lilitosha. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971. Mwaka 1973 alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye alikuwa ameondoka kwao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Alifungana pointi na Harry Källström, naye wa Datsun, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na hakuna hata moja kati ya gari zake za ushindi iliyokuwa na turbo.

Wakati huo turbo ilikuwa ya zamani tayari. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukumia hewa ndani. Ni mivukuto ya mhunzi, isipokuwa hapa anayeivuta ni moto wenyewe. Msukumo ukilingana na uzito wa anga, silinda imepata karibu hewa maradufu bila injini kuongezwa ukubwa hata sentimita moja.

Tazama Mark II yenyewe, ya mwaka 1996 na kuendelea. Injini ya 1JZ-GE, lita 2.5 bila turbo, ilitangazwa kuwa na farasi 200. Ndugu yake 1JZ-GTE, lita zile zile, ilitangazwa kuwa na 280, na si kwa sababu iliishia hapo: watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya 280, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Kwenye GTE fundi anaongeza msukumo, anabadili nozeli na pampu ya petroli, anapanga upya kompyuta, na farasi mia za ziada zinapatikana bila kufungua injini. Kwenye GE fedha hizo hizo huleta sauti nzuri zaidi kuliko mwendo. Kwa hesabu hii hakuna mashindano. Yeyote anayesema isiyo na turbo ina nafasi kubwa ya kuongezwa nguvu anatetea gari lake tu.

Sasa turudi barabarani. Saab 99 Turbo ya Stig Blomqvist ilishinda Sweden mwaka 1979, turbo ya kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Audi Quattro ikaja, turbo na magurudumu manne yenye nguvu, ikatisha Ulaya nzima. Safari haikutishika. Mwaka 1983 Hannu Mikkola na Audi yake walimaliza wa pili, nyuma ya Ari Vatanen aliyeendesha Opel Ascona 400: injini ya lita 2.4 isiyo na turbo, nguvu ikienda magurudumu ya nyuma peke yake. Turbo huwaka moto, huchosha oili, na zamani ilikuwa na ile kasoro ya kusita: unakanyaga, unangoja, halafu nguvu inakuja kwa mpigo, ikikukuta mara nyingi katikati ya kona au kwenye matope. Kwa masafa ya maelfu ya kilomita, kasoro ndogo hukua.

Aliyefungua mlango ni Toyota, mwaka 1984, kwa Celica Twin Cam Turbo ya Björn Waldegård. Mkuu wa timu, Ove Andersson, alikuwa ameshinda Safari ya 1975 kwa Peugeot 504, gari la kubebea familia, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa kinachokatika huku. Celica ilikuwa na turbo ndiyo, lakini ilisukuma magurudumu mawili na haikuwa gari lenye nguvu kuliko yote. Injini yenye nafasi kubwa ya kuongezwa ilishinda kwa kuachwa na akiba. Juha Kankkunen alirudia 1985, Waldegård tena 1986. Baada ya hapo, hadi Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, hakuna gari lisilo na turbo lililoshinda tena.

Kuna sababu nyingine, na kwa msomaji wa pwani ndiyo nzito. Hewa hupungua kadiri unavyopanda. Injini inayovuta yenyewe hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000; Nairobi iko karibu mita 1,700, Timboroa mita 2,700 na ushei. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Makangale iko usawa wa bahari. Hapa isiyo na turbo haipotezi kitu kwa mlima, na sehemu ya sifa ambayo turbo iliichuma nyanda za juu za Kenya haina kazi Ngezi. Joto la pwani, kinyume chake, linaisumbua turbo zaidi: hewa iliyogandamizwa tayari ni ya moto, na kipoza hewa chake kinapozwa na upepo ambao nao ni wa moto. Ongeza petroli isiyo bora, na injini huanza kugonga.

Wasimamizi wa mashindano nao walijua hewa ndiyo mali. Kwanza walizidisha ukubwa wa injini zenye turbo kwa 1.4 ili zishindane na kubwa zaidi. Baadaye wakaweka kizuizi kwenye mdomo wa turbo, na mwaka 1995 tundu lake likabaki milimita 34. Mwaka huo huo Toyota, timu ile ile ya Andersson, ilikamatwa na kizuizi kilichotengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba kikifungwa kilijisogeza na kupitisha hewa ya ziada, na kikifunguliwa kwa ukaguzi kilirudi mahali pake. Walifungiwa miezi 12. Sijui sifa gani kubwa zaidi hewa imewahi kupewa.

Kwa mwenye Toyota Altezza, basi, iliyotoka kiwandani na farasi 210 kwa lita mbili bila turbo, ushauri wangu ni asitupe fedha kwenye kemshafti: Toyota na Yamaha walikwisha kamua karibu chote. Afanye springi, shokabsoba, breki na tairi. Mwenye Subaru Impreza anaweza kuongeza mengi, ila kabla ya msukumo atazame rejeta, oili na gasketi za silinda hedi, kwa kuwa kipuri kikikosekana Konde, Wete na Chake Chake, kitangoja meli.

Na Waldegård? Mashindano ya magari ya zamani, Safari Classic, yalianzishwa 2003, naye akarudi Afrika Mashariki kushiriki. Alishinda 2007 kwa Ford Escort, na 2011, akiwa na miaka 68, kwa Porsche 911, gari ambalo halikuwahi kushinda Safari ya ubingwa wa dunia. Zote mbili hazikuwa na turbo.