Meno ya Mashini, Mikono ya Watu

Wandugu, kwa Kiswahili chetu cha Katanga mtu akisema "lupango yangu", anataja kiwanja chake, nyumba na vyote vilivyo ndani. Lakini lupango ni kwanza kile chenye kuzunguka. Hata kule Tanzania, watu wa mitaani wanaita mahabusu lupango: mahali pamefungwa pande zote. Basi uzio si kitu kidogo kwetu, na mwenye kuukata pia si mtu mdogo.

Niko hapa Sanga, na kila mvua zikiisha vijana wanapita na panga wakiuliza kama kuna uzio wa kukata. Wanalipwa kwa siku. Lakini sasa kuna ile mashini ya esanse yenye meno marefu, ambayo inamaliza kwa saa moja uzio wa siku nzima. Mbele ya kuishangilia au kuichukia, tuangalie imetoka wapi.

Haikuanzia kwenye bustani, ilianzia shambani. Mwaka 1833, Mmarekani Obed Hussey alipata hati ya uvumbuzi wa mashini ya kuvuna ngano, yenye meno ya pembetatu yanayokwenda na kurudi ndani ya vidole vya chuma. Mwaka uliofuata Cyrus McCormick akapata hati ya mashini yake. Angalia vizuri mashini ya kukata uzio: ni kazi ileile ya meno ya Hussey, imepunguzwa hadi mtu aibebe kwa mikono miwili. Motere ilikuja nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19, Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, alitengeneza motere ya mapigo mawili isiyo na vali nyingi. Ni nyepesi, na ndiyo maana leo inabebeka.

Lakini historia iko na upande wa pili. Mwaka 1830, wafanyakazi wa mashamba kusini mwa Uingereza walivunja mashini za kupura nafaka. Juu ya nini? Kupura ndiyo ilikuwa kazi yao ya majira ya baridi, na mashini iliwaacha bila mkate. Mwaka uleule, Edwin Budding alipata hati ya mashini ya kukata majani ya bustani. Mwenye bustani alifurahi, mwenye jembe alilia.

Hayo si mambo ya Wazungu peke yao. Tuingie Kericho, Kenya. Mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu. Unakatwa kila mara ubaki chini na usawa kama meza. Kwa maneno mengine, shamba la chai ni uzio uliolala. Wajapani waliliona hilo: kampuni ya Ochiai inatengeneza mashini za kukata uzio na mashini za kuvuna chai pia. Mashini za namna hiyo zilipoingia Kericho, wafanyakazi waligoma mwaka 2010. Mwezi wa Mei 2023 hasira ililipuka, mashini zikachomwa moto. Mtu mmoja wa tume iliyoundwa na kaunti alitaja kazi 30,000 zilizopotea kwa muda wa miaka kumi.

Je, wale watu walichukia chuma? Sifikiri hivyo. Mashini ilikuwa ya kampuni, faida ya kampuni, na hasara ya mchumaji. Swali la 1830 na la 2023 ni moja: nani anashika mpini?

Sisi agronome tuko na jibu la kutoa, na linaanzia kwenye matunzo. Motere ya mapigo mawili haina mafuta yake ya pembeni. Inajipaka mafuta kupitia esanse. Kitabu kikisema 1 kwa 50, maana yake ni mililita 20 za mafuta ya mapigo mawili kwa lita moja. Nyingine zinataka 1 kwa 25, yaani mililita 40. Ukitia esanse tupu, pistoni itang'ang'ania na mashini imekufa. Kila jioni meno yasafishwe utomvu na kupakwa mafuta, kichujio cha hewa kipigwe vumbi. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, tangi limwagwe, sababu esanse iliyolala inaziba kabureta. Tawi likikwama, zima kwanza na chomoa kofia ya buji. Meno hayajui kidole na tawi.

Hiyo elimu ndiyo kazi mpya. Lakini kama mwenye licence peke yake ndiye anaijua, tumerudia Kericho kwa udogo. Vijana wanne wa panga wakichanga pesa, wakanunua mashini moja pamoja, mmoja akajifunza buji na kabureta, mwingine akashika hesabu, wawili wakakata na kuzoa matawi ya kutengeneza mboji, basi saa zilizookolewa zinakuwa malupango mengine ya kukata, na si watu wa kufukuzwa.

Wandugu wenye kusoma na wenye kumaliza: mtaani kwenu, mashini ya namna hii ni ya nani? Na nani anajua kuitengeneza? Mtuandikie hapa chini.