Uhakiki wa Aina za Data Katika Programu za Kurekodi Uzito wa Dhahabu

Tangu kufunguliwa kwa Soko la Dhahabu la Geita mwezi Machi 2019, wachimbaji wadogo wa ukanda huo wamekuwa na mahali rasmi pa kuuzia madini yao. Katika biashara hiyo, malipo ya mchimbaji na mrabaha wa Serikali, uliowekwa kuwa asilimia 6 kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, huanzia kwenye uzito wa dhahabu. Kwa sababu hiyo, programu yoyote ya kompyuta inayopokea uzito sharti ihakiki kuwa ilichopokea ni namba.

Fomu nyingi za mtandaoni hutumia JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Tarakimu zinazoandikwa kwenye kisanduku cha fomu kwa kawaida hupokewa kama maandishi, na katika lugha hiyo alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi badala ya kuyajumlisha. Mathalani, mchimbaji wa Kahama mkoani Shinyanga akileta mafungu mawili ya gramu 12 na gramu 3, programu isiyohakiki huweza kuandika 123 badala ya 15. Onyo halitolewi, na mrabaha unaokokotolewa huwa zaidi ya mara nane ya kiasi stahiki.

Lodash, maktaba huria ya JavaScript iliyoanzishwa na John-David Dalton mwaka 2012, ina amri zinazozuia kosa hilo. Hatua zake ni hizi:

1. Nafasi za pembeni ziondolewe kwa _.trim, kisha kisanduku kitupu kibainishwe kwa _.isEmpty na kukataliwa. Kikiachwa, _.toNumber hukigeuza kuwa 0.

2. Maandishi yageuzwe kuwa namba kwa _.toNumber. Maandishi kama "12g" hutoa NaN, yaani thamani isiyo namba halali.

3. Matokeo yapimwe kwa _.isFinite. Amri ya _.isNumber haitoshi, kwa kuwa huikubali hata NaN.

4. Uzito usiozidi 0 ukataliwe.

Uhakiki huo urudiwe kwenye seva, kwa sababu ule wa kwenye kivinjari unaweza kurukwa. Mchimbaji naye, kabla ya kupokea malipo, alinganishe uzito uliosomwa kwenye mizani na ule ulioandikwa kwenye stakabadhi.